SOMO: KUCHAGUA HITA YA STIMA KWA CHUMBA CHA KAZI



Kuanzia Juni hadi Agosti, wenzetu wa Limuru, Kinangop, Molo na sehemu zingine za juu hufanya kazi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mshonaji anashindwa kutia uzi kwenye sindano, na kazi inachelewa. Wengi huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Tuseme wazi: jiko hilo linaua. Makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Mkiona dalili hizi, mtoeni mwenzenu nje kwenye hewa safi mara moja, halafu mumpeleke hospitali.

Ndiyo sababu vikundi vyenye stima vinatuuliza: tununue hita gani? Jibu letu ni kwamba hita huchaguliwa kwa kuangalia chumba chenu na mfuko wa kikundi, sio kwa kusikiliza maneno ya muuzaji.

1. Anzeni na chumba

Joto hupanda juu. Kama chumba ni cha mabati na hakina dari, mtakuwa mnalipia joto la kupasha mabati. Kabla ya kununua chochote, zibeni nyufa, wekeni dari hata ya magunia safi yaliyoshonwa pamoja, mbali na balbu na nyaya, na mzuie upepo chini ya mlango. Kisha pimeni chumba. Kwa makadirio, chumba kilichozibwa vizuri huhitaji wati 100 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba, basi hita ya wati 1,200 hadi 1,500 inatosha.

2. Pigeni hesabu ya yuniti

Wati 1,000 zikiwaka saa moja hula yuniti moja. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 4 kwa siku itakula yuniti 8. Kwa siku 5 ni yuniti 40, na kwa wiki nne ni 160. Tuseme yuniti moja ni shilingi 30: hizo ni shilingi 4,800. Kujua bei yenu halisi, chukueni risiti ya tokeni, mgawanye pesa mlizolipa kwa yuniti mlizopata. Mweka hazina aseme mbele ya wote kama faida ya kazi inaweza kubeba mzigo huo.

Muuzaji anaweza kusema hita yake ya wati 2,000 "haili stima" kama ile ingine ya wati 2,000. Msimwongezee pesa kwa neno hilo. Hita hizi zote hugeuza stima kuwa joto kwa kiasi kile kile. Kinachosaidia kupunguza ni themostati, kile kifaa kinachoizima hita chumba kikishapata joto.

Wale wenye sola ndogo ya balbu na simu wasijaribu. Paneli ya wati 100 haiwezi kuendesha hita.

3. Aina tatu

(a) Ya waya mwekundu: hupasha mtu aliye mbele yake, kama vile jua. Inafaa mtu mmoja, hata mahali penye upepo. Lakini huchoma nguo haraka.

(b) Ya feni: hupasha hewa upesi katika chumba kidogo kilichofungwa. Ina kelele, na vumbi la nyuzi au la mbao huziba ndani yake.

(c) Ya mafuta: huchukua kama nusu saa kupata moto, lakini hukaa na joto hata baada ya kuzimwa. Mafuta yake hayaungui wala hayaongezwi. Ni nzito, na mara nyingi bei yake iko juu.

Kwa chumba cha ushonaji au useremala, sisi tunashauri hii ya mafuta, kwa sababu haina waya mwekundu wala feni. Kwa karani aliye peke yake, ya waya mwekundu yenye wati chache itatosha.

4. Usalama

– Tafuteni alama ya ubora ya KEBS, na hita inayojizima ikianguka.
– Ichomekeni kwenye soketi ya ukuta. Msitumie ekstensheni wala holda ya balbu.
– Soketi moja ya ampia 13 hubeba wati 3,000 hivi. Hita na pasi zisichangie soketi.
– Vitambaa na mbao vikae mita moja mbali. Msianike nguo juu ya hita.
– Plagi ikiwa moto, zimeni na mwite fundi wa stima.
– Wa mwisho kutoka aizime na kuchomoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Upepo unaingia wapi katika chumba chetu?
2. Yuniti moja inatugharimu shilingi ngapi, na tunaweza kulipia saa ngapi kwa siku?
3. Nani atashika jukumu la kuzima hita kila jioni?

Msiende dukani kabla hamjayajibu yote matatu. Tahadhari kabla ya hatari.