Mama Ameshaniita Daktari, Mtihani Sijaufanya

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 24, nimezaliwa Iringa, nimekulia Brooklyn Park. Mwaka jana nilimaliza digrii ya biolojia Chuo Kikuu cha Minnesota, sasa najiandaa kwa MCAT ili niombe kusomea udaktari. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, asubuhi nasoma. Zimebaki wiki sita. Nimefanya majaribio matatu, kila moja chini ya lililotangulia: 503, 500, 496. Nikifungua kitabu moyo unadunda, usingizi umekata, nywele zinanyonyoka. Mama ameshatangaza usharikani, wazee wa kanisa wananiita Daktari, na huko nyumbani wanauliza nitafungua hospitali lini. Juzi nilimwambia mama nimechoka, akasema basi nikasomee meno, ni rahisi. Nifanyeje?

Daktari Hewa, Brooklyn Park

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha, kisha likaniuma. Mfanyakazi hewa tunayemsikia kwenye taarifa za habari hula mshahara bila kazi. Wewe unapiga kazi mbili, na sifa wanakula wengine.

Tuanze na hizo alama, maana nadhani umezisoma vibaya. MCAT huhesabiwa kuanzia 472 hadi 528, katikati ni 500. Mtu aliyepata 503 hasahau biokemia yote ndani ya miezi michache huku anasoma kila siku. Barua yako haisemi ulifanya majaribio saa ngapi, lakini nitabashiri: asubuhi, umetoka zamu, umekunywa kahawa, ukakaa mezani. Mtihani huo, pamoja na mapumziko yake, unakula saa saba na nusu hivi. Mwili wako wakati huo unadai kitanda.

Kaangalie ile sehemu ya ufahamu, isiyohitaji sayansi yoyote ya kukariri. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90. Ni dakika kumi tu kwa kifungu, na vifungu vyenyewe ni falsafa, sanaa, mambo ya jamii, kwa Kiingereza kilichopinda makusudi. Mtu asiyelala husoma aya moja mara tatu, na akifika mwisho hajui mwandishi alikuwa anabishana na nani. Linganisha alama zako za sehemu hiyo katika majaribio yote matatu. Sitashangaa ukikuta pointi zako zimevujia hapo.

Kwa hiyo usinunue kitabu kingine. Nenda kwa msimamizi wako kazini umwombe zamu za mchana, au akupunguzie usiku hadi mtihani upite. Najua kodi ya nyumba haisubiri, na kwamba kuna watu Iringa wanategemea simu yako kila mwisho wa mwezi. Anayebeba maboksi haambiwi kirahisi apunguze maboksi. Ila piga hesabu ya upande wa pili. MCAT inaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, mara nne ndani ya miaka miwili, mara saba maisha yako yote, na alama za kila mara uliyofanya huonekana na vyuo unavyoomba. Si mtihani wa kwenda kuchungulia. Chama cha vyuo vya udaktari, AAMC, kina mpango wa kupunguzia ada wenye kipato kidogo, ada ya mtihani na ya maombi. Kama hukuomba kabla ya kujisajili, safari hii imekupita, kwa sababu msaada haurudi nyuma. Omba sasa kwa yatakayofuata.

Halafu mama. Hapa ndipo penye mzigo mkubwa kuliko biokemia.

Mama yako anahesabu kwa saa ya nyumbani. Kule mtoto anamaliza kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na biolojia, akifaulu vizuri anaingia Muhimbili au Bugando moja kwa moja, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Kwa hesabu hiyo kijana wa miaka 24 anakaribia kuvaa koti jeupe, na wewe umechelewa. Marekani digrii ndiyo kibali cha kuomba tu, halafu mtihani, halafu miaka minne, halafu mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu au zaidi. Kila mwaka wanaomba watu zaidi ya 50,000, wanaoingia ni 23,000 hivi, na wengi wao wana umri kama wako. Hayo mama hajaelezwa na mtu. Nadhani kila akiuliza umemjibu "inaendelea vizuri", naye amefanya alichofanya kila mama mwenye furaha: amekwenda kutangaza.

Mweleze, lakini si mbele ya wageni na si kwenye gari mkielekea ibadani. Mwite mtu anayemheshimu, mama mlezi wako au rafiki yake wa kwaya, mkae jikoni. Fungua kompyuta, mpe kifungu kimoja cha ile sehemu ya ufahamu, weka dakika kumi kwenye simu, umwachie asome. Kisha umwombe jambo moja: asitangaze lingine mpaka barua ya chuo ifike.

Kuhusu meno, sijui nani alimwambia ni rahisi. Mtihani wake, DAT, una kemia na biolojia kama kawaida, na juu yake una mafumbo ya macho: karatasi inakunjwa, inatobolewa, unaulizwa matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. Jimbo zima la Minnesota lina chuo kimoja tu cha meno, hicho hicho cha chuo kikuu chako. Kama unapenda kazi ya mikono na kinywa cha mtu hakikuchukizi, ni kazi nzuri mno. Usiende kwa kukimbia.

Moyo kudunda, usingizi kukata na nywele kunyonyoka, usiviite mawazo tu ukavimaliza kwa maombi. Matatizo ya tezi ya shingo na upungufu wa damu huweza kuleta hayo hayo. Kapime. Kama huna bima, kliniki kama People's Center pale Cedar-Riverside hutoza kulingana na kipato. Na ikija siku unawaza kujidhuru, piga au tuma ujumbe 988, usiku au mchana. Usisubiri nikujibu gazetini.

Sasa tarehe ya mtihani. Kwanza lala usiku, wiki mbili mfululizo. Kisha fanya jaribio zima kuanzia saa mbili asubuhi. Alama zikirudi zilipokuwa na kupanda, endelea. Zikikataa, ahirisha. Sikufichi kwamba kuahirisha kuna gharama: vyuo vingi hupitia maombi kadiri yanavyofika, na ada ya kubadili tarehe hupanda kadiri siku inavyokaribia. Mwisho wa kubadili ni siku kumi kabla ya mtihani. Izungushie siku hiyo kalamu nyekundu, uamue kabla yake, mchana, ukiwa umekula, si saa tisa usiku ukiwa zamuni.