Mgeni Asiye na Mlango

Someni: Isaya 58:6-7, Yakobo 2:14-17.

Nabii Isaya alisema na watu waliofunga saumu huku maskini wakilala nje. Tazameni maneno yake vema: hataji nyumba ya serikali wala ya mfadhili. Ataja nyumba yako wewe.

Neno hili lanihukumu mimi kwanza. Usiku mmoja wa mvua kijana mdogo kutoka kituo cha mabasi cha Msamvu aliniomba alale barazani pa kanisa. Nilimpa fedha kidogo, nikafunga mlango. Asubuhi hakuwapo, wala sikuwa nimemwuliza jina lake. Nilitoa, lakini sikumpokea.

Basi tumtazame kijana mmoja wa nchi jirani, Kennedy Odede wa Kibera, Nairobi. Alipokuwa na miaka 10 alianza kuishi njiani. Hata mwaka 2004, akiwa kibarua wa kiwandani kwa ujira wa kama dola moja kwa saa 10 za kazi, aliweka akiba senti 20 za Kimarekani, akanunua mpira. Kwa mpira huo aliwakusanya vijana wenzake, na huo ndio mwanzo wa chama cha SHOFCO. Mwaka 2009 chama kilifungua shule ya wasichana, na baadaye zahanati. Mpira haushibishi tumbo. Lakini waliokusanyika walijuana majina, na kutoka hapo wakaweza kufanya kazi pamoja.

Katika Kanisa letu pia, Johann Hinrich Wichern wa Hamburg alikuwa na miaka 25 tu alipofungua Rauhes Haus mwaka 1833 kwa ajili ya watoto walioachwa. Hakuwarundika katika bweni moja, bali aliwagawa katika jamaa ndogo ndogo, kila jamaa na mlezi wake.

Na sisi wa Morogoro? Katika Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Kwa hiyo mtoto alalaye Msamvu mara nyingi hakukosa watu. Njia ya kuwarudia ndiyo iliyokatika. Vijana wa usharika waende wawili wawili, wazee wakijua, wamwulize kwa upole jina lake, na mjomba wake yuko wapi: Mgeta, Matombo, au Kinole?

Lakini msimrudishe mtoto kwa haraka, maana pengine alikimbia fimbo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatuagiza kutoa habari kwa serikali ya mahali tukiona haki ya mtoto inavunjwa. Basi pelekeni neno lake kwa afisa wa ustawi wa jamii, wala msimwache mtoto baada ya hapo.

Maswali ya kujifunza:

1. Isaya aunganisha chakula na nyumba. Sisi tumetoa kipi, na kipi tumekizuia?

2. Kijana akileta shauri la kazi hii, wazee humjibu nini kwanza: "Ngoja," au "Twende pamoja"?

3. Ni nani usharikani aliye na jamaa milimani, awezaye kumtafuta mjomba wa mtoto mmoja?

Mtoto mmoja yatosha kuanza. Mwulizeni jina lake.