Antena Haina Nguvu ya Ziada: Namna ya Kuieleza kwenye Programu ya Ramani za Redio

Mkazi wa Namasakata, mkoani Ruvuma, akiambiwa kwamba redio mpya itasikika hadi nyumbani kwake, ana haki ya kuuliza: hiyo ramani ya usikivu mmeichoraje?

Siku hizi, kabla mnara haujasimama, fundi huchora ramani kwa programu za kompyuta kama Radio Mobile ya Roger Coudé wa Kanada, au SPLAT! ya John Magliacane wa Marekani. Zote hupatikana bure, na huweza kusoma vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000. Vilima na mabonde yamo tayari. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni kuieleza antena, na hapo ndipo ramani nyingi huharibika.

Geini ni nini?

Ukiliminya donge la ugali kiganjani, litarefuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, lakini halitaongezeka. Antena nayo iko hivyo. Haizalishi nguvu, huipeleka kwa wingi upande fulani baada ya kuupunguzia upande mwingine. Geini hueleza nguvu imezidi kiasi gani kwenye uelekeo mkuu. Umbo la usambaaji huonyesha kila upande umepata kiasi gani, kwa kuzunguka upeo wote na kwa kupanda na kushuka.

Hatua za kufuata

1. Soma kipimo kabla ya namba. Geini huandikwa kwa dBi, yaani ikilinganishwa na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote, au kwa dBd, yaani ikilinganishwa na antena ya dipoli, na tofauti yake ni desibeli 2.15. Antena ya dBd 6 ni sawa na dBi 8.15. Ukiingiza 6 mahali panapotakiwa dBi, ramani itaonyesha takribani asilimia 61 tu ya nguvu halisi. Ukikosea kinyume chake, utawaahidi watu usikivu ambao hawataupata.

2. Usihesabu geini mara mbili. Tuseme mtambo unatoa wati 100, na kebo inapoteza desibeli 3: antena inapokea wati 50. Kwa geini ya dBd 6, nguvu ya mrusho kwenye uelekeo mkuu ni takribani wati 200. Programu ikitaka nguvu ya mrusho, andika 200 na geini usiiongeze tena.

3. Weka umbo halisi. Omba faili la umbo kwa mtengenezaji wa antena. Radio Mobile husoma desibeli zinazopungua kutoka uelekeo mkuu, ilhali SPLAT! husoma ukubwa wa uga wa mawimbi, kuanzia 0 hadi 1. Angalia hapa: uga wa 0.5 si nusu ya nguvu, ni robo yake, yaani pungufu ya desibeli 6. Nusu ya nguvu ni uga wa 0.707.

4. Elekeza antena. Digrii huhesabiwa kutoka kaskazini halisi, kwa kufuata mshale wa saa. Sindano ya dira huelekea kaskazini ya sumaku, kwa hiyo sahihisha tofauti hiyo kwanza. Ruvuma inapakana na Msumbiji upande wa kusini. Umbo lililogeuzwa vibaya litawanyima wasikilizaji wa ndani na kumwaga mawimbi ng'ambo ya mpaka.

5. Usisahau mwinamo. Antena ya wima yenye geini kubwa hubana mawimbi yawe bapa. Ikiwekwa juu ya kilima, walio chini karibu na kilima hicho wanaweza kupitwa na mawimbi juu ya vichwa vyao. Ingiza umbo la wima pamoja na digrii za kuinamisha.

Kagua kabla ya kuamini

Jaribu kwanza kwa kuchora ramani ya antena inayorusha sawa pande zote, kisha chora yenye umbo lako. Ziweke pamoja. Sehemu iliyorefuka iwe kule unakolenga, na iliyosinyaa iwe nyuma ya antena. Zikifanana kabisa, faili la umbo halijasomwa.

Masafa na nguvu ya mrusho vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hivyo hesabu yako ilingane na kibali. Mtambo ukishawashwa, chukua kipimo cha mawimbi uende vijijini, ukianzia upande wa nyuma ya antena. Huko ndiko geini ilikochota, na wanaoishi huko wanastahili kujua mapema kama redio hiyo itawafikia.