Somo la 6: Sala Katikati ya Kazi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ezra 4:17–23, Nehemia 1:1–11, 2:1–8, 4:1–23, 5:1–19, 6:1–16, 13:15–22, Yakobo 2:14–17.

Fungu la Kukariri: Nehemia 4:9. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, ukiangalia mambo mawili ambayo Wayahudi waliyafanya kwa pamoja.

Waamini wengi wameipa sala saa zake: alfajiri kabla ya kutoka nyumbani, mezani kabla ya chakula, usiku kabla ya kulala, na Sabato kanisani. Huo ni utaratibu mwema. Lakini kati ya sala ya alfajiri na sala ya usiku kuna saa nyingi. Ndani ya saa hizo kuna mwajiri aliyekasirika, mteja anayedai kupunguziwa bei, karo isiyolipwa, mtoto mwenye homa, na jirani anayesengenya. Mara nyingi ni hapo, wala si katika benchi la kanisa, imani inapopimwa.

Nehemia aliishi katika saa hizo. Hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na baadaye mtawala wa jimbo dogo lililojaa madeni na vitisho. Katika habari za kazi yake hakuna bahari iliyogawanyika wala moto ulioshuka kutoka mbinguni. Kuna barua, mbao, mawe, zamu za usiku, na mikutano mizito. Hata hivyo ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52, na adui wenyewe walitambua kwamba Mungu alikuwa amehusika (Neh. 6:15, 16).

Juma hili tazama jinsi sala ilivyopita katikati ya kazi ya mtu huyu, na ilimgharimu nini.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato.*

JUMAPILI

Miezi Minne ya Kungoja

Soma Nehemia 1:1–11. Nehemia alifanya nini aliposikia habari za Yerusalemu? Orodhesha sehemu mbalimbali za sala yake.

Habari zilimfikia Nehemia akiwa Shushani ngomeni, katika nchi ambayo leo ni Irani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Yerusalemu. Ulikuwa mwaka wa 20 wa mfalme Artashasta, yapata mwaka 445 au 444 K.K. Hanani, mmoja wa ndugu zake, alieleza kwamba ukuta umebomoka, malango yameteketezwa, na watu wanaishi katika dhiki na aibu.

Nehemia angeweza kusikitika kidogo na kurudi kazini. Alikuwa na cheo, chakula, na usalama. Badala yake aliketi, akalia, akafunga na kuomba kwa siku kadhaa. Sala yake huanza na ukuu wa Mungu na uaminifu wa agano lake. Kisha yafuata maungamo, na hapo Nehemia hawanyoshei kidole wale waliokuwa Yerusalemu. Anajihesabu yeye mwenyewe na nyumba ya baba yake miongoni mwa wenye hatia. Halafu anamkumbusha Mungu ahadi aliyoitoa kwa mkono wa Musa, kwamba atawakusanya waliotawanyika wakirejea kwake (linganisha na Kumb. 30:1–4). Mwishoni kabisa ndipo linapokuja ombi lake: apate kibali mbele ya mfalme.

Habari zilikuja mwezi wa Kisleu, na mfalme alizungumza naye mwezi wa Nisani (Neh. 2:1). Ni takriban miezi minne. Katika muda huo wote Biblia haitaji ndoto, maono, wala sauti. Kila siku Nehemia alienda kazini, akaonja divai, akamhudumia mfalme, na hakuna kilichobadilika machoni pa watu.

Je, miezi hiyo ilipotea bure? Tazama sura ya 2. Mfalme alipouliza, Nehemia alijua muda atakaohitaji, barua atakazoomba, na hata jina la mlinzi wa msitu wa mfalme. Wakati ukuta ulipokuwa ungali umelala chini, Mungu alikuwa akimwandaa mjenzi.

Je, kuna ombi ambalo umelileta kwa Mungu kwa miezi mingi? Katika kungoja huko, ni nini kinachobadilika ndani yako?

JUMATATU

Sala Ambayo Mfalme Hakuisikia

Soma Ezra 4:17–23 na Nehemia 2:1–8. Kwa nini ombi la Nehemia lilikuwa la hatari?

Nehemia anakiri kwamba mfalme alipomuuliza sababu ya huzuni yake, aliogopa sana. Mtumishi hakutarajiwa kuleta uso wa majonzi mbele ya mfalme wa Uajemi. Lakini hofu ilikuwa na sababu nyingine. Artashasta alikuwa amekwisha kuandika amri kwamba ujenzi wa Yerusalemu usimamishwe mpaka yeye mwenyewe atoe agizo jingine. Kwa hiyo Nehemia alikuwa anataka kumwomba mtawala mkuu wa dunia ageuze neno lake mwenyewe.

Mfalme akauliza anataka nini. Kati ya swali hilo na jibu, Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni. Hakupiga magoti wala kufumba macho, kwa kuwa hapakuwa na nafasi hiyo. Pengine kikombe kilikuwa bado karibu na mkono wake. Maneno ya sala hiyo hayakuandikwa, na haikuzidi pumzi moja au mbili. Mfalme hakuisikia, wala malkia aliyeketi kando yake.

Sala hiyo fupi haikuwa mbadala wa sala ndefu za miezi minne, ilitokana nazo. Anayezungumza na Mungu faraghani kila siku hahitaji kutafuta njia ya kumfikia siku ya dharura. Njia imekwisha kukanyagwa.

Fikiria kijana Mwadventista aliyeitwa ofisini kueleza kwa nini hatafanya mtihani siku ya Sabato. Au mama anayeuza sokoni, ambaye mteja amemrudishia chenji iliyozidi naye anahitaji nauli ya kurudi nyumbani. Hakuna anayeweza kusema, "Ngojeni kwanza, nipige magoti." Lakini kila mmoja wao anaweza kumwinulia Mungu moyo wake kabla ya kufungua kinywa.

Hata hivyo, sala si hila ya kumlazimisha Mungu au mwanadamu. Wale vijana watatu wa Babeli walijua kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, na waliamua kubaki waaminifu hata kama asingewaokoa (Dan. 3:17, 18). Kijana aliyeomba ofisini anaweza kukataliwa. Imani yake haikupotea kwa sababu mlango umefungwa, kwa maana aliingia na Mungu na anatoka na Mungu.

Ni katika hali gani za kazi yako za kila siku unasahau kabisa kuomba? Unaweza kufanya nini ili ukumbuke?

JUMANNE

Sala na Zamu ya Ulinzi

Soma Nehemia 4:1–23. Wajenzi walikabili magumu gani kutoka nje na kutoka ndani? Walifanya nini?

Sanbalati na Tobia walianza kwa dhihaka. Tobia alisema kwamba hata mbweha akipanda juu ya ukuta ule ataubomoa. Dhihaka iliposhindwa, walifanya shauri la kuja kupigana. Wakati huohuo, ndani ya mji watu wa Yuda walilalamika kwamba nguvu za wachukuao mizigo zimekwisha na kifusi bado ni kingi. Ukuta ulikuwa umefika nusu. Wengi wanakijua kipindi hicho cha kazi: shauku ya mwanzo imekwisha, na furaha ya mwisho bado haionekani.

Aya ya 9 inaeleza mambo mawili kwa pumzi moja: waliomba, na waliweka walinzi usiku na mchana. Wapo ambao wangeomba na kwenda kulala, wakisema kuweka walinzi ni kukosa imani. Wapo pia ambao wangeweka walinzi bila kuomba, wakisema adui hafukuzwi kwa maneno. Nehemia hakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Aliwapanga watu kwa jamaa zao mahali palipokuwa wazi. Nusu ya watumishi wake walifanya kazi na nusu walishika silaha, tangu alfajiri hata nyota zilipotokea. Kisha akawaambia kwamba Mungu wao ndiye atakayewapigania (aya ya 20).

Mkulima Mkristo huomba mvua na bado hupalilia. Mgonjwa huomba uponyaji na humeza dawa alizopewa hospitalini. Mwanafunzi huomba hekima na hufungua daftari. Kazi ya mikono haimwondolei Mungu utukufu, kwa sababu hata nguvu za kufanya kazi hiyo zimetoka kwake. Dalili ya kutoamini haiko katika kuweka mlinzi, bali katika kumtegemea mlinzi kuliko Mungu.

Je, wewe huelekea upande gani: kuomba bila kutenda, au kutenda bila kuomba?

JUMATANO

Kilio Ndani ya Ukuta

Soma Nehemia 5:1–13 na Yakobo 2:14–17. Tatizo hili lilikuwa tofauti vipi na vitisho vya Sanbalati?

Kazi ikiendelea, kilio kikubwa kilisikika, na safari hii hakikuhusu adui wa nje. Njaa ilikuwa imewabana watu. Wengine waliweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha walipe kodi ya mfalme. Wengine waliona binti zao wakichukuliwa utumwani. Waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao, huenda hata majirani waliojenga nao ukuta uleule.

Hapa sala zote za sura zilizotangulia zilikuwa hatarini. Mji wenye ukuta imara, ambao ndani yake ndugu humla ndugu, haukuwa na cha kulinda. Nehemia alikasirika, akatafakari moyoni, kisha akawakemea wakuu waziwazi mbele ya kusanyiko.

Ona hasa aya ya 10. Anakiri kwamba yeye, ndugu zake, na watumishi wake walikuwa pia wamewakopesha watu fedha na nafaka, naye anajiunga na wengine kuacha kutoza riba. Yule aliyejihesabu mwenye hatia alipoomba Shushani sasa anajihesabu hivyohivyo mbele ya watu. Mashamba na nyumba zilirudishwa. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12 ya utawala wake, hakuchukua posho ya chakula iliyomstahili mtawala, ingawa mezani pake walikula watu 150 na zaidi (aya ya 14–18).

Yakobo anauliza swali hilohilo kwa njia nyingine. Kumtakia heri ndugu mwenye njaa bila kumpa kitu kunamfaa nini? Vivyo hivyo, mshiriki anaweza kumkopesha mwenzake kwa riba inayomnyonga, kisha Sabato akapiga naye magoti na kumwombea Mungu amfungulie milango. Huenda mlango ambao Mungu anataka kuufungua umo katika mfuko wa yule anayeomba.

Je, kuna mtu unayemwombea ambaye tayari una uwezo wa kumsaidia? Ni nini kinachokuzuia?

ALHAMISI

Mikono Iliyochoka

Soma Nehemia 6:1–16. Adui walitumia mbinu gani mpya? Nehemia aliomba nini katika aya ya 9?

Mara nne Nehemia aliitwa kwenye mkutano katika bonde la Ono. Mara nne alikataa, akieleza kwamba kazi anayoifanya ni kubwa. Mara ya tano ilikuja barua iliyo wazi, yenye uvumi kwamba anataka kujifanya mfalme. Lengo lilikuwa kuilegeza mikono ya wajenzi. Sala ya Nehemia ni fupi na yenye kulenga jambo moja: mikono yake itiwe nguvu. Hakuomba aondolewe kwenye kazi. Aliomba uwezo wa kuendelea nayo.

Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi Eluli. Lakini sala haikumalizika. Miaka ilipopita, Nehemia aliwakuta watu wakikanyaga mashinikizo na kuuza bidhaa siku ya Sabato. Aliagiza milango ya mji ifungwe kabla ya Sabato kuanza, kisha akaomba tena Mungu amkumbuke na kumrehemu (Neh. 13:15–22). Mbao za malango aliziomba kwa mfalme siku moja yenye hofu. Sasa malango ya mji yalilinda siku takatifu ya Mungu. Jibu la sala lilikuwa limepewa kazi yake.

Mungu amekujibu sala zipi zamani? Je, unayatumiaje majibu hayo leo kwa utukufu wake?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika *Manabii na Wafalme*, soma jinsi Ellen G. White anavyoeleza maisha ya Nehemia, hasa sala yake mbele ya mfalme na msimamo wake dhidi ya dhuluma. Soma pia Isaya 58:1–12, Luka 18:1–8, na 2 Wakorintho 12:7–10.

Maisha ya Nehemia yanaonyesha sala iliyochukua miezi na sala iliyochukua pumzi moja. Zote zilielekezwa kwa Mungu yuleyule, na zote zilimrudisha mwombaji kazini. Nguvu haikuwa katika urefu wa maneno wala katika sauti. Ilikuwa kwa Mungu aliyeliweka agano lake, na kwa mtu aliyekubali kuwa sehemu ya jibu la sala yake mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki amefiwa na mtoto ambaye kanisa zima lilimwombea apone. Darasa linaweza kumwambia nini, na ni maneno gani lisiyaseme kamwe? Fikirieni 2 Wakorintho 12:7–10.

2. Jadilini mpaka uliopo kati ya kuweka walinzi (Neh. 4:9) na kuwategemea walinzi. Mwamini atajuaje kwamba amevuka mpaka huo?

3. Nehemia alikiri kosa lake hadharani kuhusu mikopo. Mikopo na riba kati ya washiriki wa kanisa lenu vinaathiri vipi sala zenu za pamoja?

4. Chagueni hitaji moja la mtu katika mtaa wenu. Liombeeni sasa, kisha kabla ya kuondoka amueni ni nani atafanya nini, na lini.