Maadili ya Ubuddha: Nia, Mvuvi na Haya

Dini isiyomtegemea Muumba, maadili yake yanasimama juu ya nini?

Juu ya nia. Buddha, aliyefundisha kaskazini mwa India yapata miaka 2,500 iliyopita, alishikilia kwamba uzito wa tendo umo katika kukusudia, liwe la mwili, la kinywa au la moyoni. Hapa Mwislamu wa Msambweni, pwani ya Kenya, hayuko ugenini, maana amefunzwa tangu chuoni kwamba amali hupimwa kwa nia. Tofauti ni kwamba Mbuddha hamtaji hakimu: nia huzaa matunda yake yenyewe, kama mbegu. Kwa hiyo masharti matano ya mlei, yaani kutoua, kutoiba, kuepuka uzinzi, uongo na ulevi, si amri. Muumini hutamka kwamba anajitwika zoezi la kujizuia, na zoezi hufanywa tena na tena hata na aliyeshindwa jana.

Basi mvuvi wa Gazi ni mkosaji?

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuvua ni kuua kwa kukusudia, na biashara ya nyama imo katika kazi tano ambazo Buddha alimkataza mlei, pamoja na biashara ya viumbe hai, silaha, vileo na sumu. Lakini kipimo kikiwa nia, makosa hayalingani. Anayetega lema apate kitoweo cha wanawe, na anayekokota juya, lililopigwa marufuku Kenya mwaka 2001, akijua linazoa hata samaki wachanga, hawakutoka nyumbani na moyo mmoja. Mtu atasema kwamba hapo kila mmoja atajitetea kwa nia njema. Hawezi. Mizizi ya uovu ni mitatu: tamaa, chuki na upumbazo. Aliyefumba macho asione nyavu zake zinafanya nini anaumwagilia maji mzizi wa tatu.

Asiyemwogopa hakimu, nani atamzuia?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu karibu na Diani, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, haitolewi hata kijiti. Kuna miko, na kuna wazee wa kuilinda. Ubuddha nao haukumwacha mtu peke yake. Mtawa wa Theravada, mapokeo ya Wasinhala wa Sri Lanka walioanzisha hekalu la Upanga, Dar es Salaam, ana kanuni 227, nazo husomwa mbele ya wenzake kila nusu mwezi. Nyingi zilizaliwa baada ya kisa: mtawa kakosea, watu wakalalamika, kanuni ikawekwa. Kwa watu wote, Buddha alitaja walinzi wawili wa dunia: haya, na hofu ya matokeo. Mswahili anaijua haya vizuri. Ila ulinzi huo haujitoshelezi, kwa kuwa kazi ya maadili ni kuutuliza moyo uweze kutafakari, na kutafakari kuzae hekima. Aliyedanganya asubuhi hushinda akitunga uongo wa pili wa kuulinda wa kwanza. Jioni akikaa kimya saa nzima, moyo wake bado unatunga.