Mtoto Mkaidi na Wajibu wa Mzazi

Baadhi ya ndugu walioingia Uislamu karibuni wana mtihani wa mtoto asiyesikia. Akiitwa haji, akikatazwa hubisha, na kosa lake humtwika mwenzake. Jamaa nao husema: "Mizimu imekasirika kwa kuwa mmeacha dini ya wazee."

Neno hilo ni batili. Sura Hud yatueleza kuwa Nabii Nuhu a.s. alimwita mwanawe apande jahazini, naye akakataa, akidhani mlima utamwokoa. Je, Nabii huyo alikuwa amelaaniwa? Hasha! Basi ukaidi wa mtoto si hoja dhidi ya imani ya mzazi.

Matabibu wa nafsi wa Marekani waliuingiza ukaidi wa namna hii katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980. Kukataa mara moja mbili si ugonjwa. Wao hutazama kama hasira, ubishi na kinyongo vimedumu kwa miezi 6 au zaidi, tena si kwa ndugu zake tu.

Je, fimbo itamponya? Masihi Aliyeahidiwa a.s. alichukizwa na kuwapiga watoto. Alifundisha kwamba apigaye kwa hasira ni kama ajifanyaye mshirika wa Mungu katika kuongoza. Juhudi hiyo heri aitumie katika dua.

Tazama pia mwendo wa Mtukufu Mtume s.a.w. Siku moja alimtuma Anas r.a., aliyekuwa bado mtoto, naye akaapa kuwa haendi, ingawa moyoni alikusudia kwenda. Njiani akasimama kwa watoto waliokuwa wakicheza. Mtume s.a.w. akamshika kisogoni kwa nyuma, huku akicheka, akamwuliza kwa upole kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba sasa anakwenda. Amri haikufutwa, wala mtoto hakuvunjwa moyo.

Basi fanyeni hivi: toeni amri moja, fupi, kwa sauti ya utulivu. Akitii, msifuni papo hapo. Akikataa, msishindane naye kwa maneno. Mnyimeni kwa muda mfupi kitu akipendacho, kisha yaishe. Baba na mama wawe na kauli moja. Hali ikizidi, mpelekeni kwa daktari, kwani kutafuta dawa ni sunna.

Na usiku, ndugu yangu, simama katika Tahajudi umtaje mwanao kwa jina mbele ya Mola wake. Nyoyo zimo mikononi Mwake, wala si katika fimbo yako.