Pointi za Kidato cha Sita Hazitoshi Kupima Utayari

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Kariakoo huuliza kwanza: ana pointi ngapi? Ni swali la haki. Tume ya Vyuo Vikuu inadai ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 angalau, ambapo A ni 5, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hesabu hiyo haitofautishi mwenye D mbili na mwenye C na E, ingawa huyu wa pili ameyumba katika somo ambalo huenda akalisomea miaka mitatu. Hata A haisemi imepatikanaje. Aliyemeza pepa za miaka iliyopita, tuisheni baada ya tuisheni, anaweza kung'ara bila kuwahi kumaliza peke yake kitabu kimoja cha Kiingereza. Chuoni atakuta madesa (nakala za masomo) mengi, hatakuta wa kumkaririsha. Kisha zije supu, yaani mitihani ya marudio, na wengine wadisko, yaani waondolewe chuoni.

Tanzania iliwahi kujaribu kipimo kingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wafanye kazi kwanza, kisha waingie chuo kikuu kwa mapendekezo ya kazini na ya chama tawala. Liliona sawasawa kwamba ukomavu ni sehemu ya utayari. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kuwa barua ya mkuu wa kazi hueleza mkubwa anavyomwona kijana, haioneshi kijana anachoweza. Tunataka mwanafunzi apimwe akitenda: asome sura ngeni ya kurasa 15, aandike hoja yake ukurasa mmoja bila kunakili, apange bumu (fedha ya kujikimu) la kufikirika ligawanyike kwa chakula, chumba na nauli ya daladala mpaka chuoni Mlimani.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto wa maskini anawekewa lango jingine. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana matokeo yabaki kwa mwanafunzi na mwalimu wake, tena kipimo kifanyike kidato cha tano, muda wa kurekebisha ukiwapo. Wengine husema chuo hufundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza. Ni kweli, ila mitihani ya masomo mengine haimsubiri anayejifunza kusoma. Kipimo hiki hakihitaji jengo jipya: Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967, ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Mwalimu wa sekondari ya Jangwani au Azania anaweza kuanzia hapo: kitabu kimoja, saa mbili, simu imezimwa, na ukurasa mmoja wa maandishi.